Mpaka wa Mtaa Usipite Katikati ya Barabara

Ukikabidhiwa barabara kuu uipangie, kabla hujagusa upana wa njia wala urefu wa majengo, tandaza ramani ya mitaa uone mpaka umepita wapi. Mara nyingi utaukuta katikati ya lami. Kazi yangu ni kuchora ramani za mipango miji, na hilo ndilo ninaloliangalia kwanza.

Mazoea haya ya kupitisha mpaka katikati ya barabara yana historia. Mwaka 1929, katika mpango mkubwa wa New York na viunga vyake, Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, alipendekeza mtaa wa ekari 160 hivi: shule ya msingi katikati, mtoto asitembee zaidi ya mita 400 au karibu na hapo, na barabara kubwa zizunguke nje ziwe mipaka. Nia yake ilikuwa njema, magari yasikatize kati ya makazi. Lakini maduka aliyapeleka pembezoni, kwenye makutano ya barabara hizo hizo. Basi watu wa mitaa minne hukutana mahali ambapo kila mtaa unapaona kuwa mwisho wake.

Anza na ajali. Programu ya ramani huihesabu ajali kwa kuangalia nukta yake imeangukia mtaa gani. Nukta iliyo juu ya mpaka huweza kuhesabiwa mara mbili, kuachwa kabisa, au kusukumwa upande mmoja kwa tofauti ya mita chache. Hata hesabu ikienda sawa, ajali za barabara moja hugawanywa kwa mitaa miwili, na kila mmoja ukaonekana una nafuu. Kwa hiyo usiulize kila mtaa una ajali ngapi. Chora ukanda wa barabara yenyewe, kutoka ukuta wa majengo ya upande huu hadi wa upande ule, uhesabu zilizomo.

Kisha linganisha matumizi ya ardhi ya pande mbili. Ukikuta huku ghorofa sita zinaruhusiwa na ng'ambo nyumba za chini tu, uliza sababu. Kama jibu ni mpaka peke yake, hiyo si sababu.

Sasa shuka ukatembee, na hapa usiwe na haraka. Vituo vya basi huwa jozi, cha kwendea na cha kurudia. Abiria wa barabara ya njia mbili lazima aivuke mara moja, ama akienda ama akirudi. Kituo kimoja kikiwa cha mtaa huu na cha pili cha mtaa ule, kivuko kati yao hukosa mwenye kukidai. Simama uone watu wanavukia wapi hasa, uweke alama kwenye ramani.

Ukiruhusiwa kuusogeza mpaka, upitishe nyuma ya viwanja vinavyoitazama barabara, ili nyumba zinazotazamana ziwe chini ya mpango mmoja. Ukizuiwa, kwa kuwa mipaka ya utawala haibadilishwi kirahisi, uache ulipo, uandae mpango wa ukanda unaouvuka, wenye kamati moja na bajeti moja. Wakazi wa pande zote waite siku moja, chumba kimoja, mbele ya ramani ile ile.

Ila barabara ya mwendo kasi yenye uzio, au njia ya reli, ni ukingo kweli. Hapo usibishane na mstari. Pigania madaraja ya waenda kwa miguu.