Kuunda betri ya kitufe ya zinki na manganizi: kutoka hesabu ya nafasi hadi kipimo cha mwisho

Betri ya kitufe, yaani ile ndogo, bapa na ya mviringo ambayo watu wengi huiita betri ya saa, hudhaniwa kuwa kitu kisichoweza kutengenezwa nje ya kiwanda. Dhana hiyo ina ukweli kwa betri za lithiamu, kwa kuwa metali hiyo humenyuka na unyevu wa hewa, na kwa sababu hiyo hushughulikiwa ndani ya sanduku maalumu lililojazwa gesi ya argoni. Kwa zinki mambo ni tofauti kabisa. Zinki hupatana na maji, na mtu mwenye meza safi, mizani nyeti na mashine ya kubana makopo anaweza kuunda betri inayofanya kazi katikati ya masika ya Dar es Salaam au Mombasa, madirisha yakiwa wazi. Mwongozo huu unafuata betri moja ya aina hiyo: anodi (upande hasi) ya zinki, kathodi (upande chanya) ya manganizi dioksidi na elektroliti (maji ya chumvi yanayopitisha chaji kati ya pande hizo) ya salfeti ya zinki, vyote ndani ya kopo la ukubwa wa 2032.

Katika majina ya tarakimu nne, mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita na mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo kopo la 2032 lina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Herufi zinazotangulia hueleza kemia iliyomo: CR ni lithiamu na manganizi dioksidi yenye volti 3, LR ni ya alkali yenye volti 1.5, SR ni ya oksidi ya fedha yenye volti 1.55, na PR ni ya zinki na hewa, ile inayowekwa katika vifaa vya kusaidia kusikia. Betri tunayoiunda hapa itatoa volti 1.4 hivi ingawa inakaa katika kopo lililozoeleka kwa volti 3, kwa hivyo iandikwe alama kwa wino usiofutika mara tu inapofungwa.

Ushauri wangu ni kwamba usanifu uanzie kwenye kopo, kisha ndipo kemikali zifuate. Katika betri nilizozifungua baada ya kushindwa kufanya kazi, nyingi hazikuwa na kosa lolote la kemikali. Vitu vilivyomo ndani vilikuwa vimelegea na havikugusana sawasawa, au vilijazwa kupita kiasi hata ukingo ukashindwa kufunga. Kopo lina sehemu mbili za chuma kisichoshika kutu. Sehemu kubwa ya nje ndiyo ncha chanya, na kifuniko kidogo kinachoingia ndani yake ndicho ncha hasi. Kati yao kuna gasketi ya plastiki ya polipropilini, ambayo ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia chuma kisigusane na chuma, na kuzuia maji yasitoke wala hewa isiingie. Mashine inapokunja ukingo wa kopo kuelekea ndani, gasketi hubanwa kutoka pande zote, na maisha ya betri nzima hutegemea mbano huo.

Sasa hesabu ya nafasi. Ukitoa unene wa bati la juu na la chini, ambalo kwa kawaida ni milimita 0.25 kila upande, nafasi inayobaki ndani ni takribani milimita 2.7. Pima kila kipande kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, usitegemee kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa muundo ninaoupendekeza, karatasi ya zinki ina milimita 0.1, karatasi mbili za nyuzi za kioo zinazotenganisha zinki na kathodi zina jumla ya milimita 0.52, kathodi pamoja na wavu wa chuma unaoibeba ina milimita 0.3, kisahani cha chuma cha kusambaza mgandamizo kina milimita 1.0, na springi ya mawimbi ikiwa haijabanwa ina milimita 1.2. Jumla ni milimita 3.12, ambayo inazidi nafasi kwa milimita 0.42. Ziada hiyo inatakiwa iwepo, kwa sababu springi na nyuzi za kioo hukubali kubanwa na ndizo zinazoshikilia kila kitu mahali pake. Jumla ikiwa chini ya 2.7 betri italegea, ikikaribia 3.5 kifuniko hakitakaa, na gasketi itakatwa na ukingo.

Kuhusu kiasi cha umeme, gramu moja ya manganizi dioksidi inaweza kutoa miliampea-saa 308 (miliampea-saa moja ni mkondo wa miliampea moja kwa saa moja) endapo kila molekuli itapokea elektroni moja, na gramu moja ya zinki hutoa 820. Kathodi yetu ya kipenyo cha milimita 12 itabeba miligramu 30 za mchanganyiko, ambamo miligramu 21 ni manganizi dioksidi; hiyo ni sawa na miliampea-saa 6.5 kwa hesabu ya nadharia, na betri halisi itatoa pungufu ya hapo. Zinki ya kipenyo cha milimita 14 ina uzito wa miligramu 110 hivi, yaani miliampea-saa 90, na kwa hiyo haitakuwa ya kwanza kwisha. CR2032 ya dukani ina zaidi ya miliampea-saa 200, kwa sababu kiwanda hujaza kopo kwa kemikali badala ya kulijaza kwa springi na visahani. Sisi tunaunda betri ya kujifunzia na kupimia, na nafasi tunayopoteza ndiyo gharama ya kuweza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kathodi ndiyo kazi inayodai mikono. Vaa barakoa na glavu kabla ya kufungua chombo cha manganizi dioksidi, kwa sababu vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Pima gramu 0.70 za manganizi dioksidi na gramu 0.20 za masizi ya kaboni yaliyo safi, usage pamoja katika kinu kidogo cha kauri kwa dakika ishirini hadi usione tena chembe za rangi mbili. Ongeza ethanoli kiasi cha kuloanisha, kisha tia matone ya tefloni iliyochanganywa na maji. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 60, gramu 0.17 zitakupa gramu 0.10 za tefloni kavu, na uwiano utakuwa saba kwa mbili kwa moja. Endelea kukoroga huku ethanoli ikipungua. Mwanzoni utakuwa na uji mweusi usioshikana na chochote. Kisha ghafla uji huo hujikusanya na kuwa donge linalovutika, kwa sababu tefloni inaposuguliwa hutoa nyuzi nyembamba zinazofunga unga wote pamoja. Anayejua kukanda unga wa chapati ataitambua hali hiyo kwa vidole kabla ya kuiona kwa macho. Donge likikatika ukilivuta, linahitaji kukandwa zaidi, na likiwa kavu mno, tone moja la ethanoli hulirudisha.

Lisukume kwa rola ya chuma au chupa nene ya kioo hadi lipate unene wa milimita 0.2, ulikunje, ulisukume tena, urudie mara kadhaa, kwa kuwa kila mkunjo huongeza nguvu ya nyuzi. Kata visahani vya milimita 12, kandamiza kila kimoja juu ya wavu wa chuma kisichoshika kutu wa kipenyo hichohicho, kisha vikaushe katika oveni kwa nyuzijoto 80 usiku kucha. Vikitoka, pima kila kimoja na uandike uzito wake katika daftari, ukiondoa uzito wa wavu uliopima kabla. Bila namba hiyo, kipimo chochote utakachochukua baadaye hakitakuwa na maana.

Elektroliti ni rahisi kuliko zote. Kwa mililita 100, yeyusha gramu 57.5 za salfeti ya zinki yenye molekuli saba za maji na gramu 1.69 za salfeti ya manganizi yenye molekuli moja ya maji, kisha jaza maji safi hadi alama. Salfeti ya manganizi huzuia manganizi ya kathodi isiyeyuke na kuhamia kwenye elektroliti. Maji yawe yaliyokenekwa, na hapa tahadhari inahitajika: katika gereji zetu jina "maji ya betri" hutumika kwa maji yaliyosafishwa na wakati mwingine kwa asidi ya betri ya gari, kwa hiyo soma lebo na uulize kabla ya kununua. Zinki nayo isuguliwe kwa msasa laini sana hadi ing'ae, ifutwe kwa ethanoli, ikatwe visahani vya milimita 14, na kingo zake zikaguliwe kwa kidole chenye glavu, kwa sababu ncha moja iliyochomoza inaweza kupenya karatasi ya nyuzi za kioo na kugusa kathodi.

Kwa kukusanya, tumia kibano cha plastiki. Kibano cha chuma kikigusa kopo na kifuniko pamoja hukamilisha mzunguko wa umeme, na betri huanza kwisha mkononi mwako. Weka kopo kubwa mezani mdomo ukiangalia juu. Weka kathodi katikati, wavu ukigusa sakafu ya kopo. Laza juu yake karatasi mbili za nyuzi za kioo za kipenyo cha milimita 16, ambazo lazima ziwe kubwa kuliko kathodi na zinki ili kingo zisikutane. Dondosha mikrolita 100 za elektroliti, nusu katikati na nusu kwa kuzunguka, uone karatasi nyeupe inavyogeuka kuwa ya kijivu maji yanapofika kwenye kathodi nyeusi iliyo chini yake. Kiasi hicho ndicho karatasi hizo mbili zinachoweza kushika. Kikizidi, maji yatakimbilia kwenye gasketi wakati wa kubana na kuacha chumvi pale ambapo plastiki inatakiwa ikae juu ya chuma kikavu. Fuatisha zinki, kisahani cha chuma, springi, na mwisho kifuniko chenye gasketi, ukikisukuma kwa kidole hadi uhisi kimekaa sawa.

Weka betri katika mashine ya kubana bila kuiinamisha, ufuate mgandamizo uliowekwa na mtengenezaji wa mashine kwa makopo ya 2032. Koleo la kawaida haliwezi kazi hii, kwa sababu hukunja upande mmoja kabla ya mwingine. Betri ikitoka, ifute na upime unene wake katika sehemu tatu. Ikiwa vipimo vyote viko karibu na milimita 3.2, imefungwa vizuri. Upande mmoja ukiwa mnene zaidi, kitu kimehama ndani, na mimi huitenga betri kama hiyo hata kama volti zake zinaridhisha.

Iache itulie kwa saa nne hadi sita ili maji yapenye kathodi yote, kisha pima volti kwa multimita. Tarajia kati ya volti 1.3 na 1.5. Sifuri ina maana kwamba ncha mbili zinagusana mahali fulani, na mara nyingi kosa ni ukingo wa zinki au karatasi iliyokaa upande. Ikianza na volti nzuri lakini ikaporomoka mara tu unapounganisha rezista (kipande kinachowekea mkondo wa umeme kizuizi) ya kilo-ohmu 1.5, tafuta kulegea au ukavu. Rezista hiyo huvuta chini kidogo ya miliampea moja, kwa hiyo ukiandika volti kila baada ya nusu saa hadi zifike 1.0, unaweza kukokotoa miliampea-saa zilizotoka na kuzigawanya kwa uzito uliouandika daftarini.

Betri hii isihifadhiwe kwa miezi mingi. Zinki ndani ya maji huendelea kuliwa polepole na kutoa gesi ya haidrojeni hata isipotumika, na kopo lililofungwa kabisa linaweza kuvimba. Tatizo hilo ni la zamani: viwanda vilikuwa vikichanganya zebaki kidogo na zinki ili kulizuia, na betri ya zebaki ya Samuel Ruben, iliyotumika sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilitegemea zebaki kabisa. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuiondoa zebaki katika betri za vitufe, na leo viwanda hutegemea zinki safi zaidi, viungo vya kuzuia ulikaji na gasketi bora.

Usijaribu kupata makopo kwa kufungua CR2032 zilizotumika, kwa kuwa ndani yake kunaweza kubaki lithiamu na ukingo uliokwisha kukunjwa haufungi tena. Na betri yoyote ya kitufe, ya dukani au ya kuundwa, ikae mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia. Betri ya lithiamu ya milimita 20 ikikwama kwenye umio wa mtoto, umeme wake hugeuza mate kuwa kemikali kali ya alkali na kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mpeleke hospitali papo hapo, usimtapishe. Ikiwa ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa 12, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, bila kuchelewesha safari.

Betri ikishakwisha, ifungue. Vaa miwani ya kinga, inua ukingo kidogo kidogo kwa koleo la kukatia, na ulaze kila kipande juu ya karatasi kwa mpangilio wa kilivyotoka. Zinki iliyotumika sawasawa ina rangi ya kijivu isiyong'aa kote. Yenye duara linalong'aa upande mmoja inaonyesha mahali maji hayakufika. Karatasi ya nyuzi ikiwa na madoa meusi, kathodi ilimeguka kwa sababu donge halikukandwa vya kutosha. Na ukikuta chumvi nyeupe kwenye duara la gasketi, rudi kwenye hesabu ya nafasi na kwenye zile mikrolita 100 kabla ya kubadilisha kemikali yoyote.