Kumlea kwa muda mbwa aliyepooza miguu ya nyuma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshasema "mleteni kwangu", au yuko karibu kusema. Nauelekeza kwenye ulemavu mmoja tu, ule tunaokutana nao zaidi hapa Dar es Salaam: mbwa wa mtaani amegongwa na bajaji au bodaboda, uti wa mgongo umeumia, miguu ya mbele mizima, ya nyuma inaburuzwa. Mbwa kipofu, kiziwi au wa miguu mitatu hahitaji hata nusu ya haya. Huyo mpe muda, acha kuhamishahamisha viti, atajifunza nyumba mwenyewe.

Mlezi wa muda haponyi. Kazi yake ni kumfikisha mbwa kwenye familia ya kudumu ngozi ikiwa nzima, kibofu kikiwa salama na ratiba ikijulikana. Nimeona watu wenye huruma tele wakikata tamaa mapema, na watu wasio na maneno mengi, simu zao zimejaa kengele, wakamaliza vizuri. Huruma haikamui kibofu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kukubali

Swali la kwanza: nani aliiona ajali? Si kila mbwa aliyepooza amegongwa. Kichaa cha mbwa kina sura mbili, na ile ya kupooza ndiyo inayowapotosha watu wema. Mbwa hana ukali wowote, taya limelegea, mate yanamdondoka, hawezi kumeza, miguu inazidi kufa. Mtu anadhani ana mfupa kooni, anaingiza mkono. Kama hakuna shahidi, hakuna jeraha wala eksirei, na upooze unaendelea kupanda, mbwa huyo si wa kupelekwa nyumbani. Abaki kwenye kituo cha wanyama chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nayo huweza kupoozesha, na huyo atawaambukiza mbwa wako ambao hawajachanjwa.

Wewe mwenyewe, kama unapanga kufanya kazi hii mara kwa mara, pata chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa kabla. Ukiumwa, hata na mbwa unayemwamini, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua.

Swali la pili: anahisi maumivu ya ndani kwenye vidole vya nyuma? Daktari hubana kidole hadi mfupani na kutazama uso wa mbwa. Mguu kujivuta pekee hakutoshi, huo unaweza kuwa mwitikio wa neva tu, bila mbwa kuhisi. Ageuze kichwa, alie, au atake kuuma, hapo ndipo tunasema anahisi, na nafasi yake ya kutembea tena ni kubwa zaidi. Asipohisi, jiandae kwa maisha ya kigari, yaani fremu yenye magurudumu inayobeba sehemu ya nyuma. Hilo si msiba, ila ulijue mapema.

La tatu, nani analipa, na nani anaamua siku mambo yakienda mrama? Yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp. Usikubali "tutaona huko mbele". Mbwa mwenye maumivu yasiyodhibitika anaweza kuhitaji kulazwa usingizi wa mwisho, na huo si uamuzi wa kumwangukia mlezi wa muda peke yake usiku wa manane.

Hatua ya 2: Andaa mahali

Tafuta chumba chenye sakafu ya saruji au vigae, kivuli mchana kutwa, na hewa. Mbwa huyu hawezi kulikimbia jua, kwa hiyo usimwache uani ukaenda sokoni. Juu ya vigae tandika mkeka wa mpira, miguu ya mbele ipate kushika.

Kitanda: godoro la sponji nene, lifunikwe turubai au plastiki ngumu, juu yake mashuka kuukuu ya kubadilisha. Nunua au omba mashuka mengi kuliko unavyodhani. Kitanda kiinuliwe kidogo kutoka sakafuni, na kila jioni ukague njia za sisimizi. Mkojo na mabaki ya chakula huwaita, na siafu wakimkuta mbwa asiyeweza kuinuka, utamkuta hali mbaya asubuhi.

Kingine utakachohitaji kila siku ni kanga. Ikunje mara mbili kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo. Umeshapata mshipi wa kumwinulia. Kwa dume, angalia isimbane uume.

Hatua ya 3: Kibofu

Hapa ndipo penyewe. Mbwa wengi waliopooza hawawezi kukojoa kwa hiari. Utaona mkojo unadondoka ukadhani anakojoa vizuri, kumbe kibofu kimejaa hadi kinafurika. Mkojo unaolala huoza, maambukizi hupanda kwenye figo, na hilo huua mbwa wengi waliokwisha kupona jeraha lenyewe.

Kibofu kikamuliwe mara 3 hadi 4 kwa siku, kila saa 6 hadi 8, na Jumapili ni siku kama nyingine. Mara ya kwanza fanya mkono wako ukiwa chini ya mkono wa daktari. Kusoma peke yake hakutoshi, lakini utaratibu ni huu:

1. Msimamishe kwa kanga, au mlaze ubavu. Mbwa mdogo unaweza kumshika juu ya beseni.
2. Weka viganja pande mbili za tumbo, mbele tu ya mapaja, vidole vimenyooka. Papasa taratibu kuelekea katikati. Utakutana na kitu cha mviringo kama puto lililotiwa maji.
3. Kusanya kitu hicho kati ya viganja, kandamiza polepole na kwa usawa, ukielekeza nguvu nyuma kwenye mkia. Usibonyeze kwa ncha za vidole.
4. Mkojo ukianza kutoka, shikilia nguvu ileile. Ukiachia na kubana tena unaurudisha nyuma. Endelea mpaka mkondo ukatike na kibofu kibaki kidogo, laini.
5. Tazama rangi, nusa, andika.

Akikaza tumbo, simama, mpapase mbavu, mwache apumue, kisha rudia. Mikono baridi humfanya akaze zaidi. Wapo ambao kibofu chao kimejifunga kwa sababu ya mahali uti ulipoumia: unahisi kimejaa na kigumu, lakini tone halitoki. Usitumie nguvu, kinaweza kupasuka. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kuna dawa za kulegeza mlango wa kibofu.

Mkojo wenye harufu kali ya kuoza, ukungu au damu, au mbwa aliyeacha kula ghafla, mpime joto njia ya haja kubwa. Kawaida ni kama 38.3 hadi 39.2. Ukiona zaidi ya hapo, piga simu. Usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini, kwa sababu mbwa hawa huugua mkojo mara kwa mara na siku moja utahitaji dawa ambayo bado inafanya kazi.

Kinyesi hakina shida sana. Mara nyingi hutoka chenyewe unapokamua kibofu, kwa hiyo fanyia nje au juu ya magazeti.

Hatua ya 4: Ngozi, nzi na kupe

Mgeuze ubavu kila saa 4 mchana, na usiku kabla ya kulala na ukiamka. Pitisha kidole kwenye nyonga, magoti, vifundo na viwiko. Wekundu usiopotea ni mwanzo wa kidonda. Siku hiyo eneo hilo lisiguse kitanda kabisa.

Mkojo huunguza. Baada ya kila kukamua, osha mapaja kwa maji, futa, kausha kabisa, paka mafuta ya mgando kidogo. Krimu nyingi za watoto za upele wa nepi zina zinki, na mbwa akiilamba ni sumu, kwa hiyo ziache dukani. Nepi zenyewe zina faida akiwa ndani na wageni, lakini nepi iliyofungwa kutwa nzima katika joto la Dar inapika ngozi.

Kidonda kidogo kioshe kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikinuka au kikawa na shimo, kwa daktari. Nzi wakitaga kwenye kidonda, buu wanaonekana ndani ya siku moja.

Halafu kuna yule nzi mwingine, anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Hutaga kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na buu wake huingia ngozini na kutoa jipu lenye tundu. Mashuka ya mbwa aliyepooza ni mahali anapopapenda. Yapige pasi pande zote mbili. Ndiyo, pasi, mashuka ya mbwa. Jirani akicheka, acheke.

Kuhusu kupe, kuna jambo watu hawalifikirii mpaka walione. Mbwa hujikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Jike mmoja niliyekuwa naye, Pili, alikuwa akiinamisha kichwa upande, anafumba jicho, bega linatikisika kidogo, na mguu unabaki palepale ulipo. Kisha ananitazama. Kwa hiyo mkune wewe, kila siku, na unapomkuna kagua: ndani ya masikio, chini ya shingo, kwapani, katikati ya vidole. Kupe wetu hubeba magonjwa ya damu, na mbwa dhaifu hawezi kuyahimili. Tumia dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake. Kumwogesha kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia vifuniko ni kumtilia sumu.

Hatua ya 5: Chakula na dawa

Awe mwembamba. Miguu miwili inabeba mwili wa minne, na kila kilo ya ziada inakaa mabegani. Ugali na dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, au wali na nyama kidogo, vinatosha ukiongeza boga lililopikwa ili choo kiwe laini. Asipewe mifupa iliyopikwa, maana humfunga choo, na huyu hana nguvu ya kusukuma. Maji yawe karibu na mdomo wake muda wote. Wako wanaopunguza maji ili mkojo upungue, na hapo wanayakaribisha maambukizi.

Brufen, diclofenac na Panadol za nyumbani usimpe. Dawa ya maumivu iwe aliyoandika daktari wa mifugo tu.

Hatua ya 6: Mazoezi

Anza pale daktari atakaporuhusu, si kabla, kwa sababu mfupa wa mgongo uliovunjika ukitikisika unamaliza kilichobaki. Mlaze ubavu, kunja na kunyoosha kila kiungo mara 10 hadi 15, vidole, kifundo, goti, nyonga, kisha zungusha mguu mzima kama anaendesha baiskeli. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Mwishowe msimamishe kwa kanga dakika chache, nyayo zikiwa zimekaa sawasawa sakafuni. Akiburuza vidole vikachubuka, kata tyubu kuukuu ya baiskeli umshonee kiatu, ukivue kila anapopumzika.

Hatua ya 7: Kigari

Vigari vya kuagiza nje ni ghali. Fundi bomba yeyote mwenye subira anaweza kukitengeneza kwa mabomba ya plastiki ya nusu inchi kwa mbwa mdogo, robo tatu kwa mkubwa, pamoja na magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Mpe vipimo vitatu: kimo kutoka sakafuni hadi kwenye kinena mbwa akiwa ameinuliwa sawasawa, upana wa nyonga ukiongeza nafasi ya vidole viwili kila upande, na urefu kutoka nyuma ya bega hadi mwanzo wa mkia.

Akishavaa, mtazame kwa ubavu. Mgongo uwe bapa, usipande wala kushuka. Inua fremu ya mbele kwa vidole viwili. Ikiwa nzito, sogeza magurudumu mbele kidogo. Siku za mwanzo dakika 5 hadi 10 zinatosha, mahali tambarare, na kipande cha nyama mbele yake. Usimwache peke yake ndani ya kigari, kwa sababu hawezi kulala wala kujinasua akikwama kwenye mlango. Baada ya kila matembezi kagua kwapa na kinena, ndipo mikanda inapochubua.

Hatua ya 8: Majirani

Watakwambia umpige sindano afe, au kwamba watu wana shida na wewe unahangaika na mbwa. Mimi sibishani. Wakimwona kwenye kigari, hasa watoto, maneno hugeuka yenyewe. Ila adabu ni yako: kwa jirani Mwislamu, mate na unyevu wa mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maji ya kumwoshea yasitiririke kwenye uwanja wake, mashuka yasianikwe kamba moja na nguo zake, na mbwa asipitishwe mlangoni kwake akiwa amelowa. Nimeazimwa beseni na mama wa jirani anayeswali swala tano, kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 9: Kumkabidhi

Familia mpya isimchukue siku ya kwanza wanapokuja kumwona. Waje angalau siku tatu tofauti, na kila mara wao ndio wakamue, wewe ukiwa umekaa pembeni na mikono mapajani. Anayeshindwa kukipata kibofu aje tena. Wape karatasi moja yenye saa za kukamua, uzito wake, kadi ya chanjo, dawa na vipimo, dalili za kukimbilia kwa daktari, na simu ya daktari anayemfahamu mbwa huyu. Wape pia kanga yake na shuka moja ambalo halijafuliwa, ili usiku wa kwanza alalie harufu anayoijua.

Wiki ya kwanza omba picha ya mkojo kila asubuhi. Watashangaa, lakini watatuma.