Bima ya Nyumba Si Bima ya Mafuriko: Kwa Ndugu Mlio Florida

Ndugu yangu, kama una bima ya nyumba Marekani, bado huna bima ya mafuriko. Nasema tena: huna. Ni karatasi mbili tofauti na malipo mawili.

Mimi nililijua hilo nikiwa nimesimama kwenye tope sebuleni kwangu, Fort Myers. Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Cayo Costa kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Fort Myers Beach bahari ilipanda zaidi ya mita 3 juu ya ardhi, na barabara ya kwenda kisiwa cha Sanibel ikakatika vipande. Sisi wa kando ya mto Caloosahatchee tulidhani tuko mbali na bahari. Bahari iliusukuma mto hadi mlangoni.

Mtathmini wa bima alikuja baada ya wiki mbili, akauliza swali moja: maji yaliingia kutoka juu au chini? Nikasema kweli, chini. Ya chini huhesabiwa mafuriko, ikaishia hapo. Vigae vya paa vilivyong'oka navyo gharama yake haikufikia kiasi ambacho mwenye nyumba hubeba kwanza mwenyewe, na kwa kimbunga kiasi hicho huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya bima ya nyumba.

Siku ya kununua nyumba nilimuuliza wakala wa bima, akanijibu, "Uko kamili." Benki iliyonikopesha nayo haikudai bima ya mafuriko kwa kuwa ramani ya mafuriko ya serikali iliniweka nje ya eneo la hatari kubwa. Nikachukulia kwamba kutodaiwa ndiyo usalama. Hapo ndipo niliponaswa. Ramani humwambia mkopeshaji amdai nani, maji hayaisomi.

Na msisubiri. Bima ya mafuriko ya mpango wa serikali kwa kawaida huanza siku 30 baada ya kulipa. Kimbunga kikishapewa jina, umechelewa. Mpangaji naye anaweza kuikata kwa ajili ya vyombo vyake.

FEMA, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya maafa: jiandikishe, omba mkalimani ukihitaji, piga picha kabla ya kutupa chochote, tunza risiti. Barua ikisema hustahili, isome hadi mwisho. Mara nyingi wanataka barua ya bima inayoonyesha umekataliwa. Muda wa kukata rufaa ni siku 60. Kuomba hakuna ada, anayedai pesa ya kusukuma faili ni tapeli.

Shangazi yangu wa Tanga aliniuliza, "Serikali ya Marekani si itakujengea?" Hapana, shangazi. Huku hakuna mjumbe wa kupita na daftari akiandika waliopatwa, usipojiandikisha, hukupatwa. Na mnaoulizia fidia ili tumalizie kile kibanda cha Kigamboni, tuoneeni huruma: kwa Ian kiwango cha juu cha msaada wa nyumba kilikuwa dola 37,900, na wengi walipata pungufu sana.

Wiki ile jirani yangu, ambaye kwa miaka tulikuwa tukipungiana mkono tu, alichoma nyama yote ya friza lake akalisha mtaa mzima. Watu hawa wana moyo, wanaowasema vibaya hawajakaa nao gizani. Ila kwenye fedha, kwao kisichoandikwa hakikusemwa.

Leo hii toa karatasi yako ya bima, utafute neno flood, yaani mafuriko, usome sentensi nzima lilipo, maana mara nyingi lipo kwa kukataa. Kisha mpigie wakala. Akikwambia uko kamili, mwambie akuandikie.