Jinsi ya kuandaa misa ya kumbukumbu ya bibi

Kama bibi alikuwa yule wa jumuiya kila wiki na kitenge cha WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) kabatini, basi anza na ofisi ya parokia mapema, kaandikishe nia ya misa na utaje jina lake la ubatizo, maana mabibi wengi mtaani wanajulikana kwa jina la mtoto tu, Mama Fulani, na padri akilisoma jina lenyewe hata majirani wanaulizana ni nani huyo. Ukilikosa, omba waangalie daftari la ubatizo kule alikobatizwa, hadi jina la msimamizi wake huwa limo.

Tarehe sasa. Wengi wanachukua siku aliyofariki, ila 2 Novemba, Marehemu Wote, inafaa sana, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 ukienda makaburini kumwombea unaweza kumpatia rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha samehewa (kitubio, komunyo na sala kwa nia za Papa usisahau). Au Jumapili ya nne ya Julai, siku ya mababu, mabibi na wazee aliyoianzisha Papa Fransisko 2021.

Mwambie na mwenyekiti wa jumuiya, rozari isaliwe nyumbani, na itumike ileile yake hata kama imefungwa uzi pale ilipokatika. Historia fupi iwe fupi kweli jamani, weka vitu halisi, alikuwa anakaa benchi gani, wimbo gani alikuwa anauanzisha kwaya haijajipanga. Chai na mihogo inatosha, maturubai na MC mimi naona fujo tu.