Aota ikichanika: kazi ya saa ya kwanza

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni; ukuta wake una tabaka tatu. La ndani likichanika, damu hujipenyeza katikati ya tabaka na kuchimba njia yake, huku ikibana midomo ya matawi. Ndiyo maana mmoja huletwa na maumivu ya kifua, mwingine mguu umekufa ganzi.

Uliza maumivu yalianzaje. Haya huwa makali kupindukia tangu sekunde ya kwanza, na mara nyingi huchoma mgongoni katikati ya mabega. Pima presha mikono yote miwili: namba ya juu ikipishana kwa zaidi ya 20, shuku. Shika mapigo ya vifundo vya mikono na kinena, kulia na kushoto. Mikono ikilingana usijitulize, wengi wenye mchaniko hawana tofauti hiyo. Eksirei ya kifua nayo inaweza kutoka safi kabisa.

Kosa linaloua ni hili: mchaniko ukifika mdomo wa mshipa unaolisha moyo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) huonyesha shambulio la moyo, na mgonjwa hupewa streptokinasi ya kuyeyusha damu iliyoganda au heparini ya kuzuia isigande. Ukishuku aota, zuia dawa hizo kwanza.

Kipimo cha kuamua ni CT ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha, kuanzia kifuani hadi nyonga. Usikisubirishe eti majibu ya figo hayajatoka.

Wakati huohuo weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene na mpe morfini mg 2 hadi 5 taratibu, kwani maumivu yenyewe hupandisha presha. Fuatisha labetalol, dawa ya kushusha presha na mapigo ya moyo, mg 20 kwa dakika 2, kisha mg 40 hadi 80 kila dakika 10, jumla isizidi mg 300. Lenga mapigo chini ya 60 kwa dakika na namba ya juu ya presha 100 hadi 120, ukisoma kwenye mkono wenye presha kubwa. Usianze na hydralazine: hushusha presha lakini hukimbiza moyo, na kila pigo linapanua mchaniko. Mwenye pumu hafai labetalol.

Presha ikiwa chini tangu mwanzo, acha labetalol; tafuta damu kwenye mfuko wa moyo kwa ultrasaundi.

Mchaniko ukigusa aota inayopanda, yaani kipande kinachotoka moyoni, ni upasuaji siku hiyohiyo. Ukianzia baada ya tawi la mkono wa kushoto, dawa hutosha, isipokuwa aota inavuja, au utumbo, figo au mguu unakosa damu. Kabla gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya upasuaji halijaondoka, piga simu kwa wapasuaji na watumie picha za CT. Njiani presha ipimwe kila dakika 5.