Unataka kuweka injini kubwa kwenye Mazda Roadster? Anza kuhesabu kwenye tairi, injini iwe ya mwisho

Naongelea Mazda MX-5 ya kwanza kabisa, ile yenye taa za kuinuka iliyotoka 1989, Japani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster, ila hesabu yenyewe inakubali kwa gari yoyote ndogo ya spoti inayosukumwa na tairi za nyuma. Swali huwa linakuja vilevile kila mara, "kaka niweke injini gani?", na naona hapo ndo watu wengi wanapotea, manake injini ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hii kazi, nenda Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, injini za mtumba zimepangwa, unachagua unalipa unabeba. Kinachokula hela na kinachoamua kama gari itaendeshika ni vile vitu vyote vilivyopo kati ya injini na lami. Kwa hiyo anza kwenye tairi urudi mbele taratibu, mpaka ufike kwenye boneti utakuwa ushajua mwenyewe gari inaweza kubeba injini gani.

Kwanza ijue uliyonayo. Roadster ya lita 1.6 ina injini ya B6, ikiwa mpya Japani iliandikwa hosipawa 120, na gari nzima haifiki tani moja, uzito umegawanyika karibu nusu mbele nusu nyuma. Ule utamu wa kwenye kona unatokana na hapo, wala hautoki kwenye injini. Sasa hiyo injini ina miaka zaidi ya 30, kabla hujaiita dhaifu pima kompresheni silinda zote nne, angalia taimingi, plagi na waya zake, angalia klachi isiwe inateleza. Watu wanalalamikia cc kumbe silinda moja imechoka. Na kama gari yako ni za mwanzo, kuanzia 1989 mpaka kwenye 1991 hivi, mwambie fundi aangalie puli ya kranki gari ikiwa inaunguruma, pua ya kranki ya zile injini ni fupi, bolti ikilegea kidogo kii (kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia puli mahali pake) inaanza kucheza na kula chuma, taimingi inasogea na nguvu inapungua polepole bila wewe kushtuka. Ukiona puli inayumba basi hapo sababu ya kubadili injini unayo ya kweli, hata kama hutaki spidi.

Pili jiulize gari unaitumia wapi. Ya kwenda kazini kwenye foleni na joto la Dar ni tofauti na ya Jumapili asubuhi Bagamoyo na kurudi, na zote hizo ni tofauti na gari ya mashindano. Jibu hili kwa ukweli kabisa kabla hujagusa spana.

Haya twende kwenye hesabu. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayofika kwenye tairi ni toki ya injini mara uwiano wa gia mara uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma). Roadster ya 1.6 inatoa kama nyutoni mita 137, gia ya kwanza ni 3.136 na difu 4.3, zidisha unapata kama 1,850 zinazokwenda kwenye shafti za nyuma. Sasa chukua injini ya Honda K24 ya hosipawa 200, inatoa kama 232, ukiacha gia boksi na difu ileile unapata kama 3,130. Yaani difu iliyotengenezwa kwa mzigo wa kwanza unaiongezea karibu asilimia 70 kila unapoondoka kwenye taa. Na difu ya 1.6 ndo ile ndogo ya inchi 6, inajulikana dunia nzima kuwa ndo ya kwanza kufa. Mazda wenyewe walipoweka injini ya 1.8 kwenye gari ya 1994 waliweka na difu ya inchi 7, mafundi wa kiwandani hawakufanya vile kwa kupenda. Kwa hiyo injini yoyote kubwa kuliko ya kwako, bajeti yake inaanza na difu ya inchi 7, na hainunuliwi peke yake, unahitaji na shafti zake mbili za pembeni pamoja na propela yake (shafti ndefu ya kutoka gia boksi mpaka difu), kwa sababu za 1.6 hazishikani nayo. Ukiambiwa bei ya difu tu, uliza hivyo vingine viko wapi.

Breki pia. Diski za mbele za 1.6 ni za milimita 235, za 1.8 ni 255. Ukiweka injini kubwa ukaacha breki za zamani, gari inafika mwisho wa barabara iliyonyooka na spidi ambayo pedi hazikuwahi kuijua. Chukua breki za 1.8 kwa kuanzia na ubadilishe hosi za mpira, zimezeeka hata kama zinaonekana nzima. Tairi zenyewe nadhani nisirefushe, usiweke hosipawa 200 kwenye tairi za bei ya chini zilizokaa stoo miaka sita, tarehe imeandikwa ubavuni, isome.

Halafu uzito, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndo panapoharibu gari nyingi. Waingereza walishaturahisishia somo. MG walikuwa na MGB, gari ndogo nzuri ya silinda nne, 1967 wakaiweka injini ya chuma ya silinda sita ya lita 2.9 wakaiita MGC, pua ikawa nzito, gari ikasifiwa kwa safari ndefu lakini kwenye kona ikalaumiwa sana, 1969 ikaachwa. 1973 wakarudi na gari ileile ila safari hii wakaweka V8 ya Rover ya lita 3.5, silinda nane, lakini ya alumini, haikuzidi uzito ile ya silinda nne ya chuma waliyoitoa. Nguvu ikapanda na gari ikabaki inakata kona. Cc haikuwa shida, shida ilikuwa kilo na mahali zilipokaa.

Fanya hivi kwa gari yako. Nenda kwenye mizani ya magari, pima gari nzima, kisha panda na magurudumu ya mbele tu upime tena. Mizani za malori hazisomi kilo mojamoja lakini picha utaipata, na kama kuna mtu ana mizani nne za kuweka chini ya kila tairi hiyo ndo bora zaidi. Tuseme umepata kilo 960, mbele 480. Ukiongeza injini na gia boksi iliyozidi kilo 90 na zote zikakaa juu ya ekseli ya mbele, sasa una 570 kati ya 1,050, zaidi kidogo ya asilimia 54 mbele. Hiyo bado unaweza kuishi nayo ukibadilisha springi na shokapu. Lakini usikubali kupewa uzito wa injini tupu. Uliza uzito ikiwa na jenereta, staata, flaiwili, manifoldi zote mbili na oili, kisha linganisha na ya kwako ikiwa hivyohivyo.

Machaguo yenyewe naona ni matatu kwa hii gari.

La kwanza ni 1.8 ya Mazda, injini ya BP. Inaingia kwenye maunting (vishikizo vya injini) zilezile, inashika gia boksi ileile, unabadilisha klachi na flaiwili kwa sababu ya 1.6 ni ya milimita 200 na ya 1.8 ni 215. Haitakupa kitu cha kushtua watu, 130 kwenye ile ya mwanzo Japani, ila toki ya chini inaongezeka na gari inabaki gari. Kwa mtu wa kwenda nayo kazini kila siku mimi nampeleka hapa moja kwa moja.

La pili ni Honda K24, lita 2.4, na hii ndo ninayoipenda kuliko zote kwa Roadster. Injini nyingi za Honda za zamani, kama zile za familia ya B, zinazunguka kinyume na injini nyingine, ndo maana zilikuwa hazifungiki kwenye gia boksi ya kampuni nyingine kirahisi. Familia ya K inazunguka upande wa kawaida, halafu bloki yake ni ya alumini wakati ya Mazda ni ya chuma, kwa hiyo unaongeza kama lita 0.8 juu ya 1.6 bila kuitwisha pua mzigo wa maana. Wako wanaouza seti kamili ya vifaa Marekani, yenye pleti ya kuunganisha na gia boksi ya Mazda, sampu (bakuli la oili la chini ya injini) ya kwake, eksozi na subfremu. Usidharau hiyo sampu, injini ya Honda ililala kwa ubavu kwenye CR-V na Odyssey, ukiigeuza iangalie mbele sampu ya kiwandani inagongana na chuma cha chini. Angalizo moja tu, K24 ziko za hosipawa 160 na za 200, ile ya Odyssey Absolute na Accord 24S ndo ya 200, muuzaji wa stoo atakwambia zote ni sawa na si sawa, linganisha hedi na namba zilizopigwa kwenye bloki kabla hujalipa.

La tatu ni V8, na inayokaa vizuri ni LS1 ya lita 5.7 ya Chevrolet Corvette ya 1997. Ni ya alumini na kamshafti yake (shafti inayofungua valvu) iko ndani ya bloki, kwa hiyo hedi zake ni nyembamba, ndo maana inaingia pale ambapo V8 ya Toyota ya 1UZ, ndogo kwa lita lakini yenye kamshafti nne juu, inakuwa pana inabanana. Ila ukifika hapa hubadilishi injini tena, unajenga gari. Ndani ya Roadster kuna boriti ndefu ya alumini inayounga gia boksi na difu, ingia chini na tochi utaiona, gia boksi haina maunting yake ya kukaa kwenye bodi, imeshikwa na hiyo boriti. LS hufungwa na gia boksi kubwa ya T56, boriti inatoka, sasa utatengeneza maunting ya gia boksi, maunting ya difu, difu yenyewe ya gari kubwa, shafti za kwake na propela ya kupima. Kama huna welda unayemwamini na maisha yako, iache.

Ukishachagua, pima nafasi. Usiangalie kama injini inaingia, angalia kama fundi ataweza kufika kwenye plagi, staata na filta ya oili injini ikiwa imekaa. Sunbeam Tiger ya 1964, gari ndogo ya Kiingereza iliyowekwa V8 ya Ford, plagi moja ilibidi watoboe tundu kwenye ukuta wa dashibodi ili uifungue ukiwa ndani ya gari. Pima pia sampu na steringi, na umbali wa juu ya injini mpaka kwenye boneti.

Rejeta. Angalia tanki la plastiki la juu, likiwa jeusi bado lina maisha, likishakuwa la kahawia plastiki imechoka na itapasuka ukiwa kwenye foleni. Injini mpya iende na rejeta mpya ya alumini, nene kuliko ya zamani, na feni mbili zinazofanya kazi. Wanaobaki na 1.8 ya Mazda halafu wanataka kuisukuma sana wajue thamostati yake iko mbele, kwa hiyo maji yanayofika silinda ya nne nyuma ni kidogo, kuna namna ya kuhamisha njia ya maji na ni hela nzuri kutumia.

Waya ndo sehemu inayofanya gari zikae gereji mwaka mzima. Nunua nozikati kama inapatikana, yaani injini ikiwa na waya zake zote, kontroli boksi (kompyuta ya injini), sensa na pedali ya mafuta, usikubali waya zilizokatwa na kisu karibu na soketi. 1.6 inapima hewa kwa mlango unaofunguka, 1.8 ya baadaye inapima kwa waya wa moto, kwa hiyo hata kati ya ndugu hawa wawili kontroli boksi hazielewani hivihivi. Kontroli boksi ya kujipangia mwenyewe inamaliza huo ubishi, ila unahitaji mtu anayejua kuipanga, mtafute kwanza ndo ununue boksi.

Hela, kaa na karatasi andika kila kitu kwa bei ya leo, injini, difu na shafti, breki, rejeta, klachi, maunting, sampu, eksozi, waya, kontroli boksi, oili na maji, fundi, usafiri, ushuru wa hiyo seti ya vifaa. Ukiona injini peke yake ni zaidi ya nusu ya jumla, basi kuna kitu umesahau, rudi usome karatasi tena. Ukishapata jumla ilinganishe na kitu kingine, turbo ndogo kwenye injini yako yenyewe kama kompresheni ni nzuri, difu ya inchi 7 utaihitaji hata hapo lakini maunting, sampu na gia boksi vinabaki vilivyo.

Karatasi za gari zisisubiri mwisho. Kadi imeandika namba ya injini na cc, vyote vinabadilika, na bima uliyokata ni ya gari iliyoandikwa kwenye kadi. Chukua risiti ya injini yenye namba yake, na document ya forodha kama muuzaji anayo, waulize wanaosajili magari na kampuni ya bima kabla hamjainua injini ya zamani, si baada. Na hiyo ya zamani usiiuze upesi hata kama mtu amekuja na hela mkononi, iweke kavu imefunikwa na bolti zake kwenye mfuko mpaka kadi mpya imetoka na injini mpya imeshatembea kilomita za kutosha kwenye joto na foleni bila kuchemsha.