Simu Kama Ramani ya Gari: Kuiandaa Ikuongoze Safari Nzima Bila Bando

Gari nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani huja na redio ya skrini, na mnunuzi hudhani amepata na ramani humo humo. Kweli ipo, ila ni ya Japani. Haijui Chalinze wala Voi, na si kitu cha kubadilisha kwa kuingiza faili nyingine. Halafu kuna mtego: kwenye redio nyingi za Toyota, kadi ya SD ya ramani ndiyo inayoiwezesha redio kuwaka. Ukiichomoa ukaitumie kwenye simu, redio inagoma, na baadhi zinadai namba ya kufungulia. Kadi iache ilipo, hata fundi akibadilisha betri. Redio ibaki ya muziki na Bluetooth, kazi ya njia ipe simu.

Kifaa maalumu cha GPS ni kizuri, lakini kinagharimu kama simu nzima, na ramani ya huku mara nyingi unainunua kando. Redio ya Android kwenye dashibodi ni simu kubwa isiyotoka ndani ya gari. Simu uliyonayo, au ile ya zamani iliyolala kabatini, inatosha. Pesa kidogo uliyotenga iende kwenye chaja na kishikio.

Hatua ya 1: Pima GPS ya simu

GPS haili bando. Simu inasikiliza setilaiti, na ikizipata nne au zaidi inajua ilipo, hata kama haina laini. Kinachokula bando ni picha ya ramani na taarifa za foleni.

Zima data, toka nje penye uwazi, washa huduma ya mahali, fungua ramani usubiri. Kila setilaiti hutangaza mahali ilipo kwa mzunguko wa sekunde 30. Simu yenye intaneti huzipata taarifa hizo mtandaoni kwa sekunde chache, isiyo na intaneti huzisubiri zishuke kutoka angani. Simu iliyozimwa miezi kadhaa huweza kuchukua zaidi ya dakika 10 mara ya kwanza. Wengi hufikia uamuzi hapo kwamba simu mbovu, kumbe wameondosha gari kabla haijamaliza, majengo na miti vikakata ishara, ikaanza upya. Gari lisimame mpaka kidoti kinachoonyesha ulipo kitulie.

Kidoti kikirukaruka ndani ya gari, toa mkono na simu nje ya dirisha. Kikitulia huko, simu ni nzima, tatizo ni tinti yenye chembe za chuma. Simu yenyewe itafutie sehemu ya kioo isiyo na tinti.

Hatua ya 2: Weka programu mbili

Google Maps ndiyo yenye foleni na majina mengi ya maduka, hoteli na vituo vya mafuta. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na inatumia ramani ya OpenStreetMap inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam imechorwa humo kwa undani wa kushangaza, mpaka mitaro na vichochoro, kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko. Ukiwa mjini tumia ya kwanza, ukishatoka mjini hamia ya pili.

Dereva wa lori aangalie OsmAnd, ina mpangilio wa magari makubwa ambapo unajaza urefu na uzito. Ila usiutegemee peke yake: mpangilio huo unafanya kazi pale tu mchoraji alipoandika kikomo cha daraja, na barabara nyingi za huku bado hazijaandikiwa.

Hatua ya 3: Pakua ramani ukiwa kwenye Wi-Fi

Kwenye Google Maps bonyeza picha yako juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo lako mwenyewe. Utapewa mraba wa kuvuta. Nchi kama Tanzania haiingii kwenye mraba mmoja, kwa hiyo chora kadhaa zinazopishana kwenye kingo. Ramani hizi zina muda wa kuisha, angalia tarehe chini ya kila moja kabla ya safari.

Organic Maps hugawa nchi vipande. Pakua vyote vya njiani, si vya mwanzo na mwisho tu. Ukikosa kipande cha katikati, njia haichorwi.

Sasisha kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza lilifunguliwa Juni 2025. Simu yenye ramani ya kabla ya hapo itakupeleka mpaka kwenye kivuko, na itakuwa na uhakika kabisa.

Hatua ya 4: Iambie simu barabara usizozitaka

Hapa ndipo watu hupotea, na kosa si la ramani. Simu inatafuta njia ya muda mfupi. Ikiona mkato wa kilomita 30 unaoonekana kama barabara, inakuingiza, na masika unajikuta kwenye udongo mweusi huku giza likiingia. Kwenye Organic Maps, bonyeza mipangilio ya njia uchague kuepuka barabara zisizo na lami. Google Maps haina chaguo hilo. Hivyo ukiwa nayo, kuza njia yote kwa vidole kabla ya kuanza, na penye mstari mwembamba ulioacha barabara kuu, jiulize kwa nini.

Kuepuka vivuko na barabara za kulipia nako kuna madhara yake. Anayekwenda Kigamboni kutoka Posta akiwasha vyote viwili, amefuta kivuko cha Magogoni na daraja la Nyerere kwa pamoja. Simu itamzungusha Mbagala na Kongowe, naye atashangaa.

Hatua ya 5: Pata mahali pa kweli pa kwenda

Jina la mtaa halitoshi huku. Mwenyeji akutumie mahali alipo kwa WhatsApp, na umwambie mambo mawili. Kwanza, atume mahali alipo sasa, siyo mahali pa moja kwa moja. Ile ya moja kwa moja inamfuata yeye: akienda sokoni, nawe unaongozwa sokoni, na muda wake ukiisha inakatika. Pili, atoke nje ya nyumba, asubiri ile namba ya usahihi ishuke mpaka mita 10 au 20, ndipo atume. Akiwa ndani chini ya bati inaweza kusoma mita 100 au zaidi, na mita 100 Manzese au Kawangware ni mtaa mwingine. Ukiipokea, ifungue kwenye ramani na uihifadhi ukiwa bado na mtandao.

Ukipewa namba za latitudo na longitudo, linda alama ya kutoa. Katikati ya Dar es Salaam ni kama -6.8, 39.28. Ukisahau alama ya kutoa, uko Ethiopia. Ukizigeuza mpangilio, uko Hispania. Ukipewa Plus Code, yaani msimbo wa herufi na namba unaotaja mahali, omba ndefu. Za Dar es Salaam karibu zote huanza na 6G5X. Ile fupi inahitaji jina la mji kando yake.

Hatua ya 6: Chaja na kishikio

Soma maandishi madogo kwenye chaja: kuingia 12–24V, kutoka 5V na angalau 2A. Gari dogo lina 12V, lori na basi 24V, na chaja ya 12V pekee ukiichomeka kwenye Scania inaungua. Chaja dhaifu inaonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zinashuka, maana skrini na GPS vinakula zaidi ya inachotoa. Waya mrefu mwembamba huleta hali hiyo hiyo, anza na mfupi. Redio ikianza kukoroma kwenye FM, chomoa chaja. Mkoromo ukikatika, umeshampata mwizi.

Kishikio cha kunyonya kioo kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo kwanza, kwa kuwa vumbi ndilo linalokiangusha. Kiweke chini pembeni, kisizibe barabara wala mfuniko wa airbag. Juani simu hupunguza mwanga, kisha huacha kuchaji, mwishowe hujizima. Cha kubana kwenye tundu la AC ndicho bora kwa joto la pwani, ila ukipanda Njombe mwezi Juni ukawasha hita, kihamishe.

Hatua ya 7: Sauti, halafu uondoke

Pakua sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya kusoma maandishi ya simu, maana sauti inayotegemea mtandao itanyamaza mnara ukipotea. Unganisha Bluetooth ya redio. Kwenye simu zinazobana betri sana, weka programu ya ramani iwe bila vizuizi vya betri, la sivyo skrini ikizimika na maelekezo yanakatika.

Weka mwisho wa safari kabla ya kuwasha gari, na ukitaka kubadilisha, egesha. Saa ya kufika isomwe kwa tahadhari: nje ya mtandao simu haijui foleni ya malori kwenye mlima wa Kitonga. Penye barabara juu ya barabara, kama Nairobi Expressway kati ya Mlolongo na Westlands, kidoti hakijui uko juu au chini, kwa sababu GPS hupima kimo vibaya kuliko inavyopima mahali. Sauti inaweza kukwambia utoke pasipo na pa kutokea. Kabla ya kupanda, tazama jina la kituo chako cha kutokea, na hapo fuata bango.